Finjani ya Bi Khole

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naliandika hili juu kabisa, ili wajukuu zangu wasipate taabu ya kumtafuta mjinga mwengine humu ndani. Wapo waliokaribia, lakini cheo ni changu na sina mpinzani.

Jina langu Suud. Nina gereji ya matairi Firq, pale nje ya Nizwa. Kabla ya matairi niliendesha gari la maji, kabla ya gari la maji niliosha masufuria katika kambi ya watengeneza barabara, na kabla ya masufuria nilikuwa kijana wa Bujumbura aliyeambiwa kwamba Oman mafuta yanachotwa kwa ndoo. Maisha yamenizaba makofi ya kutosha, nami nikajifunza kucheka kabla kofi halijafika, maana baada ya hapo mdomo unauma. Ndiyo maana watu wa Nizwa na Ibra wananiita mtu wa mzaha. Na mzaha huohuo nusura umkoseshe dada yangu kiti.

Dada yangu ni Khole binti Mahrous. Damu yetu si moja. Ziwa ndilo moja. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, nyumba ya pili kutoka kwetu, nami nikiwa bado mchanga. Mama yake, Mmanyema mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa ng'ambo ya barabara na akaja, alishikwa na homa baada ya kujifungua. Mama yangu akamchukua mtoto, akamweka upande mmoja, mimi upande wa pili, akatunyonyesha pamoja. Mpaka leo Khole anadai nilimnyang'anya. Mie nawaambia watu, ushahidi si huo hapo? Mtazameni alivyorefuka, kisha nitazameni mimi. Lakini kwa dini tukawa ndugu: simuoi, hajifuniki mbele yangu, na naweza kumpandisha garini nikampeleka popote, mtu asifungue mdomo. Ndivyo nilivyopata kazi ya udereva wa kampeni bila ya kuiomba.

Baba zetu walikuwa Waarabu wa Ibra waliokwenda Burundi kuuza vitambaa. Tuliporudi Oman (nasema "tuliporudi", ingawa mimi sikuwahi kuwapo) tukakuta jina letu limeshapikwa na kupakuliwa: Wazanzibari. Utoke Bujumbura, utoke Kigoma, utoke Bukavu, huku wewe Mzanzibari tu, basi. Unguja nimeijua kwa harufu ya upishi wa majirani.

Khole alisoma, akawa mwalimu Ibra. Asubuhi akifundisha watoto. Alasiri akiwafundisha mama zao na bibi zao, wale ambao wakati wao skuli haikuwapo. Leo ukimwona bibi wa Ibra anavaa miwani na kusoma jina la dawa kwenye chupa, kisha anambishia mkwewe, ujue amepita mkononi mwa Mwalimu Khole. Alikuwa mkali. Kibibi wa miaka sabini alikuwa anasimamishwa kona kwa kucheka darasani. Nao walimpenda, wakamletea malimau.

Sasa, kati ya mtaa wetu wa Ibra na mji wenyewe ipo wadi, yaani mto mkavu. Siku nyingi ni bonde la mawe, mbuzi wanalala humo. Lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama kwetu jua linapasua vichwa, maji huteremka ghafla, kama mtu aliyekasirishwa kwengine akaja kupigana kwako, na sisi tunabaki upande huu tunautazama mji kwa macho. Siku moja binti mmoja, Mazoon, aliyekuwa mwanafunzi wa Khole, alishikwa na uchungu. Khole akampakia garini kumpeleka hospitali. Wadi ikawawahi. Mtoto akazaliwa kiti cha nyuma, hospitali wanaiona pale, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita katikati. Wote wakatoka salama, alhamdulillahi. Lakini Khole alirudi nyumbani buibui limelowa mpaka magotini. Kesho yake akanipigia simu gereji.

"Suud, gari yako nzima?"

"Gari nzima. Mwenye gari ndiye mbovu."

"Nataka kusimama baraza la manispaa."

"Simama. Umekaa sana."

"Sifanyi mzaha mie."

"Basi nitaufanya mimi wa watu wawili."

"Daraja, Suud. Nataka daraja tu. Nimeshaandika, nimeshakwenda ofisini, nimeshaambiwa inshallah mpaka nimeota inshallah. Mtu wa kuliuliza mle ndani hatuna. Nitakwenda kuliuliza mwenyewe."

Wakati ule, upande wetu, hakuna mwanamke aliyewahi kusimama. Mwanamke mweusi ndiyo kabisa, hata mzaha huo sikuwahi kuufanya mimi. Serikali haikuwa na neno: sheria ilimruhusu, na karatasi zake zilikuwa kamili. Tatizo lilikuwa kwetu sisi wenyewe. Kwa desturi ya watu wetu, kabla ya majina kupelekwa, wanaume hukaa katika sabla, ile sebule kubwa ya ukoo, wakakubaliana jina moja, na Sheikh akalisema. Akishalisema, limekwisha. Na Sheikh Khalifa alikuwa ameshaanza kulitia ulimini jina la mpwa wake, Mohannad: kijana mpole, mhandisi, anakaa Maskati, na wadi yetu anaiona siku za Idi.

"Achana na Sheikh," nikamwambia Khole. "Jiandikishe tu."

"Siwezi. Babangu alikula sahani moja na mzee yule. Nikisimama, nasimama na neno lake. Akikataa, nakaa chini, na sitalisema tena."

Nilimjua Khole. Akisema anakaa chini, anakaa chini. Kwa hivyo mambo yote, daraja na kiti na yale malimau ya vibibi, yakawa yananing'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja.

Siku zile nikizikumbuka natabasamu peke yangu gereji, mafundi wanadhani nimepigwa na jua. Nikifunga gereji mapema, nikishika njia ya Sinaw mpaka Ibra, kaseti ya taarabu ikikwama palepale kila safari. Khole nyuma, karatasi zimejaa magotini, ananisahihisha Kiarabu changu. Jumatano, skuli zikiwa zimefungwa, nikimpeleka soko la wanawake. Ibra lipo soko hilo asubuhi ya Jumatano, wanawake watupu, wanauza na kununua, na mwanaume haingii. Mohannad hata angekuja na farasi asingeingia. Khole alikuwa akiingia na kikapu kitupu na kutoka nacho kimejaa maneno ya watu. Mie nikingoja nje, dirisha wazi, na vibibi wakipita wananigongea bati.

"Wewe ndiye dereva wa Mwalimu?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie Tamima anamtaka nyumbani. Na uoshe gari, aibu."

Bi Tamima huyo ndiye mke wa Sheikh Khalifa. Alijifunza kusoma utu uzimani kwa Khole, na alisimamishwa kona zaidi ya mtu yeyote. Tulipokwenda akamkalisha Khole upande wa wanawake, nami nikasimama mlangoni nikasikia kila kitu.

"Sheikh wangu mie namjua," alisema Bi Tamima. "Ukimwomba kwa mdomo, atakupa inshallah. Ukimlilia, atakupa kitambaa. Mzee yule hana dawa ila moja. Finjani chini."

Kwa wasiojua: mtu akija kwenye sabla na haja kubwa, akipewa kahawa haiinywi. Anaiweka chini mbele yake. Mwenye nyumba akiiona finjani imekaa chini na inapoa, hana raha tena. Kahawa yake kukataliwa ni aibu mbele ya watu. Lazima aulize, lazima asikilize, na haja ikikubaliwa atasema, "Kunywa kahawa yako." Hapo imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Lakini ukishainywa kabla hujasema, wewe ni mgeni wa kawaida tu, umekuja, umekirimiwa, nenda na salama. Ni desturi ya wazee wa huku. Kwetu Buyenzi kahawa ilikuwa kahawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukaanga yai juu ya bati la gari. Nilitoka Firq bila ya chakula cha mchana, koo limekauka. Mpango ulikuwa kwamba nitaingia mimi, kwa kuwa mwanamke haingii sabla wanaume wakiwamo, na Khole atakaa ndani na Bi Tamima, mlango wa kati umeachwa wazi kidogo. Garini Khole akanifundisha kama kibibi wa darasani.

"Utasalimu, utakaa. Watakupa tende, kula. Watakupa kahawa, usinywe. Weka chini. Watakuuliza kulikoni, useme, 'Nina haja kwa niaba ya dada yangu.' Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Tende ndani, kahawa chini."

"Na usiongeze neno."

"Hata moja?"

"Suud!"

Nikaingia. Sabla ilikuwa baridi, mazulia mekundu, wanaume wamekaa ukuta kwa ukuta, vilemba vimefungwa vizuri, fimbo zimelala magotini. Sheikh Khalifa katikati, ndevu nyeupe, macho madogo yasiyokosa kitu. Mohannad pembeni yake, akiitazama simu chini ya mkono. Nikasalimu mmoja mmoja, nikakaa. Wakaniuliza kwa utaratibu wa huku: habari? Habari njema. Jipya? Hakuna jipya. Vipi mvua kwenu? Mungu mkarimu. Mambo yakaenda kama maji ya mfereji. Tende zikaja, nikala. Mwaga kahawa akaja na dele lake, lile birika la kahawa, akanimiminia, nikaipokea kwa mkono wa kulia kama mtu mwenye akili.

Nilikuwa nainamisha mkono kuiweka chini. Wallahi nilikuwa nainamisha.

Mzee mmoja wa ukutani akasema, "Suud, hebu tupe ile ya mwavuli. Mohannad hajaisikia."

Jamani. Mpewa mzaha akaukataa ni mtu gani? Mie nikainua mkono tena, finjani ndani yake, nikaanza. Nikawaeleza nilivyotua Oman na mwavuli mkubwa mweusi wa Bujumbura, kwa kuwa kwetu mtu mzima hatoki bila ya mwavuli. Mwaka mzima mvua hakuna. Watu wakanicheka Nizwa nzima. Nikaukunja, nikautupa nyuma ya Datsun yangu ya kwanza, nikausahau. Siku moja nakuja Ibra, jua kali, wadi kavu, nikateremka nayo. Katikati, nasikia ngurumo. Nikatazama juu: hakuna wingu. Nikatazama upande: ukuta wa maji unakuja na mti mzima umeupanda kama dereva. Nikaruka, nikakimbia, nikapanda jiwe, nageuka, Datsun yangu inakwenda zake baharini kwa heshima na taratibu, na dirisha la nyuma limefunguka, na mwavuli, niliouhifadhi mwaka mzima, umejikunjua wenyewe, umesimama juu ya gari, unaipigia gari kivuli.

Sabla ikapasuka kwa vicheko. Mohannad akaacha simu. Sheikh akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Na mimi, mchekeshaji mkuu, koo limekauka kwa hadithi na kwa njia, nikafanya kile mkono unachofanya penye finjani na tende: nikainywa. Mwaga kahawa, mtu hodari wa kazi yake, akaijaza papo hapo. Nikainywa na ile. Kisha nikaitikisa finjani, tiki tiki, ile ishara ya kusema nimetosheka, ahsanteni, sina tena ninalolitaka.

Vicheko vikatulia. Sheikh Khalifa akaitazama finjani mkononi mwangu, akanitazama mimi. Alikuwa anajua. Katika nyumba ile hakuna jambo alilolinong'ona Bi Tamima likamkosa.

"Umetufurahisha, Suud," akasema. "Nilidhani umekuja na haja."

Nikaitazama finjani. Imebaki chengachenga za kahawa chini, basi.

"Inaonekana haja yako ilikuwa kiu," akasema Sheikh, "na imekwisha. Karibu wakati wowote."

Mpaka mwaka aliofariki, Mungu amrehemu, kila nikiingia sabla ile alimwita mwaga kahawa kwa sauti ya juu: "Mpe Suud upesi, kabla hajakumbuka haja yake!" Watu wakicheka, nami nikicheka nao, na kila mara palichoma kidogo, pale pale.

Siku ile sikucheka. Nilikaa na finjani tupu, nikaufikiria mlango wa kati ulioachwa wazi kidogo, na mtu aliyekuwa nyuma yake akisikia kila kitu. Kisha nikasikia nyayo zikitembea, si kuja huku, bali kwenda mbali, zikatoka nje. Nikasema moyoni, ameondoka. Amekwenda garini. Nimemaliza kazi ya maisha yake kwa kikombe kisichojaa hata kinywa.

Mlango mkubwa wa sabla ukafunguka. Ule wa mbele, wa wanaume.

Viatu vya wanaume vilikuwa vimepangwa pale kizingitini. Khole akavua vyake akaviweka katikati yao, na nawaambieni, vilikuwa vikubwa kuliko vyangu. Akaingia, mrefu, mweusi, amenyooka, ushungi wake mweusi umemzunguka uso, na sauti ya mama yake ikatoka bila ya kupanda.

"Assalamu alaykum."

Salamu hairudishwi kwa kunyamaza. Waliitikia, huyu mapema, yule kwa kuchelewa, kama wanaume walioamshwa. Mohannad akasimama kwa adabu, akakumbuka wengine hawajasimama, akakaa. Khole akakaa palepale karibu na mlango, penye nafasi ya mgeni wa mwisho, asimpite mtu.

Mwaga kahawa akamtazama Sheikh. Sheikh hakumzuia. Mgeni ameketi, na mgeni akiketi humiminiwa. Hilo halina mwanamke wala mwanaume. Akammiminia. Khole akaipokea kwa mkono wa kulia, akaishika kidogo, harufu ya iliki ikifika mpaka kwangu, akaiweka chini juu ya zulia, mbele ya magoti yake.

Sijawahi kusikia kikombe kidogo namna ile kikikaa chini kwa sauti.

"Binti Mahrous," akasema Sheikh Khalifa, "mlango wa wanawake uko upande wa pili."

"Naujua, Sheikh. Nimeutumia miaka yote. Huko wamekwisha kunisikiliza."

"Ndugu yako keshakunywa kwa ajili yako."

"Amekunywa yake. Hii yangu."

Mtu mmoja akakohoa, na kilikuwa kikohozi cha kuzuia kicheko. Sheikh akatia mkono kwenye ndevu.

"Haya. Una haja gani?"

"Nataka kusimama baraza la manispaa, kwa ajili ya daraja la wadi. Na nataka kusimama kwa neno lako."

Yule mzee wa ukutani, yuleyule aliyetaka hadithi ya mwavuli, akapiga fimbo zuliani. "Huyu mwalimu wetu tunamheshimu. Lakini jina la watu wa hapa aseme mtu wa hapa. Huyu wa Zinjibari."

"Ami," akasema Khole kwa upole, "Zinjibari sijafika hata siku moja. Mie nimezaliwa Bujumbura. Babangu amezaliwa nyumba ile yenye mlango wa buluu, anaoegemea punda wako. Na mkeo anakusomea barua za mwanao kwa macho niliyomfungua mimi. Mimi ni mtu wa wapi?"

Mzee akatazama fimbo yake.

"Hatuna neno na asili yako," akasema Sheikh. "Lakini jina tumeshakubaliana. Mohannad."

Mohannad akafungua mdomo. "Mjomba, mimi kwa kweli siku nyingi nipo Maskati, sija..."

"Nyamaza, umechaguliwa."

Lakini nilimwona akiitazama ile finjani chini kwa macho ya mtu anayeiombea dua.

Kahawa ikawa inapoa. Mvuke umekwisha kutoka. Hakuna aliyekula tende, hakuna aliyeshika finjani yake. Huwezi kunywa mwenzio hajanywa. Mwaga kahawa amesimama na dele lake, hajui akae au atoke. Mle ndani wapo wanaume waliowahi kukaa na haja zao hivyohivyo mbele ya baba yake Sheikh, na wote walijua kwamba mzee hatoki pale bila ya kusema ndiyo au kusema la kwa mdomo wake mwenyewe. Inshallah haikuwa na pa kukaa.

Hapa, jamani, moyo wangu unapenda kuondoka kidogo kabla sijamaliza, kwenda mbele ya siku ile. Nakumbuka alfajiri ya kura, foleni ya wanawake mbele ya skuli imekwenda mpaka barabarani, vibibi wamekuja na viti vyao na termosi, wanajaribiana kusoma ubao wa majina kwa sauti ili watu wasikie wanajua. Nakumbuka Mohannad alivyokuja kutoka Maskati kupiga kura, akanikonyeza dirishani. Nakumbuka jina la Khole likitajwa redioni, na Bi Tamima akipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Alikaa vipindi viwili. Kiti chake kwenye mikutano kilikuwa cha mwisho kabisa mwanzoni, kisha kikasogea kila mwaka, na yeye hakukisogeza, walimsogezea. Daraja likaja. Si zuri, si refu, nguzo zake zina rangi ya udongo, na mbuzi sasa wanalala chini yake kivulini. Ijumaa iliyopita nimepita juu yake na mjukuu wangu Tufool. Yeye amepiga kura yake juzi kwa simu, amelala kwenye kochi, mguu mmoja hewani. "Babu, ni rahisi tu," akaniambia. Nikamwambia, naam, rahisi. Nikampitisha nyumbani kwa Khole. Magoti yanamsumbua sasa, anakaa kitini uani na malimau yake. Akaniletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akanitazama mpaka nilipoiweka chini, ndipo akacheka kicheko cha Buyenzi. Na sabla ile ina viti vya plastiki siku hizi na kiyoyozi kinachonguruma, na pale Sheikh alipokuwa akikaa, hakai mtu.

Lakini siku ile alikuwa bado amekaa. Akaitazama kahawa iliyopoa muda mrefu. Aliposema, sauti yake haikuwa ya Sheikh tena, ilikuwa ya mzee aliyekula sahani moja na baba wa mtu.

"Khole, mwanangu. Mimi si adui yako. Baba yako alikuwa ndugu yangu. Nakwambia ninavyowajua watu, kwa sababu nimekaa nao miaka sabini. Hawatampa kura mwanamke. Mwanamke mweusi, ndiyo kabisa. Watakucheka mbele na watakukataa nyuma, na utaanguka na jina la Mahrous mgongoni. Nakuhurumia. Kwa huruma yangu, mwanangu, ndiyo nakukatalia."

Sabla nzima ikainamisha vichwa, kwa maana ilikuwa kweli aliyoisema, au nusu ya kweli, na aliisema kwa mapenzi, na hakuna kitu kizito kama hicho. Mimi mwenyewe, mjinga wa siku ile, niliona tumekwisha. Nikatafuta mzaha, sikuupata.

Khole hakuinua sauti. Aliinyoosha finjani kidogo kwa kidole, ikamwelekea mzee.

"Kama watu watanikataa, Sheikh, kazi hiyo waachie wao. Wewe niambie ninywe kahawa yangu."